Gemu ya Kumfundisha Mtoto Kuishi na Kisukari: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Maswali ni yaleyale kila wiki kutoka kwa wazazi wenye watoto wa kisukari aina ya kwanza. Nimpakulie mwanangu gemu gani? Simu ya kawaida inatosha? Aanze akiwa na miaka mingapi? Nikimzoesha gemu si atasahau shule? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao unaweza kuuanza jioni ya leo.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta hapa Tanga, na ni mama wa kijana aliyegundulika akiwa na miaka 8. Haya nimeyafanya kwanza nyumbani kwangu, halafu na watoto wengine tunaokutana nao siku ya kliniki. Naomba tuelewane mapema: dozi ya insulini ya mtoto wako inatoka kwa daktari wake. Namba zote za gemu nitakazotaja hapa chini ni za kuchezea, usizitumie hata moja kumpimia mtoto dawa.

Gemu inasaidia nini hasa?

Jambo hili lina historia. Mwaka 1992 kampuni ya Raya Systems ya California, Marekani, ilitoa gemu ya mashine ya Super Nintendo iitwayo Captain Novolin, ya shujaa mwenye kisukari anayepambana na viumbe wa angani wenye sura ya vyakula vitamu. Mwaka 1995 ikafuata Packy & Marlon: ndovu wawili wako kwenye kambi ya watoto wenye kisukari, panya wameiba chakula na dawa, na mchezaji anavitafuta huku akipima sukari, akichoma insulini na kuchagua mlo. Gemu hii ya pili ilijaribiwa kwa watoto 59 wa miaka 8 hadi 16 kwa muda wa miezi 6. Kundi moja lilikwenda nayo nyumbani, kundi lingine likapewa gemu ya kawaida isiyohusu kisukari. Waliocheza ya ndovu walijitunza vizuri zaidi na walizungumza zaidi na wazazi wao kuhusu kisukari.

Hilo la kuzungumza ndilo ninalotaka ulishike. Mtoto anayeona haya kusema "mama, leo sukari imenishuka darasani" huwa hasiti kusema "mama, huyu ndovu sukari imemshuka kwa sababu hakula." Ukishaisikia sentensi hiyo, umepata mlango wa kuingilia.

Hizo gemu za zamani usihangaike kuzitafuta. Ni za Kiingereza, zinataka mitambo ya miaka ile, na ndani yake hakuna ugali wala chapati. Tutatengeneza yetu.

Andaa hivi kabla ya kuanza

Kompyuta moja, hata kuukuu, au tableti ya Android. Simu janja ya kawaida inatosha kuchezea gemu ikishakamilika, lakini kuitengenezea ni tabu kwa sababu kioo ni kidogo.

Programu ya kutengenezea gemu iitwayo Scratch. Ilitengenezwa kwenye chuo kikuu cha MIT, Marekani, ikatoka kwa umma mwaka 2007, na ni ya bure. Ipo inayofanya kazi bila intaneti: unaipakua mara moja, unaweza hata kuibeba kwenye flashi na kumpelekea jirani. Kwenye mipangilio ya lugha chagua Kiswahili. Huhitaji kujua kuandika programu, kwa sababu unapachika vibloku (vipande vya maagizo yaliyoandikwa tayari) kimoja chini ya kingine.

Mashine ya kupimia sukari, stripu (vile vipande vinavyowekwa tone la damu), na daftari la mtoto la kila siku.

Karatasi aliyokupa daktari au nesi yenye malengo ya sukari ya mtoto na maelekezo ya siku ya kuugua. Kama huna, siku ya kliniki iombe kabla ya kitu kingine chochote. Bila hiyo unaweza kujikuta unamfundisha mtoto jambo linalopingana na daktari wake.

Sukari ya mezani na maji, au chupa ya juisi ya kawaida, iwe hapo mkononi muda wote wa kucheza. Sababu utaiona kwenye hatua ya 1.

Umri: kuanzia miaka 7 au 8 mtoto anaweza kushika mwenyewe. Chini ya hapo wewe ndiye unayebofya na yeye anakuamuru.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kuwasha

Kabla mtoto hajakaa mbele ya kioo, apime sukari yake mwenyewe na aiandike. Ikiwa chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L), hakuna gemu mpaka itibiwe na ipande.

Hatua hii ndiyo watu wengi wanaoiruka, na mimi naona kuiruka hii ni hatari kuliko kuruka nyingine yoyote. Mtoto aliyezama kwenye gemu hutetemeka mikono, hutoka jasho, moyo humwenda mbio na hupandwa na hasira akishindwa. Dalili za sukari kushuka ni hizohizo. Wewe ukiwa jikoni unasikia anafoka, unasema "amenogewa huyo," kumbe sukari yake iko 2.8. Akibadilika tabia katikati ya gemu, mpime kwanza, kumkaripia kutasubiri.

Na usimruhusu kuanza gemu akiwa ameshachomwa insulini ya mlo lakini bado hajala. "Ngoja nimalize raundi hii" imeshawaangusha watoto. Ale kwanza, chombo kitoke mezani, ndipo kompyuta iwekwe.

Hatua ya 2: Chora siku ya mhusika kwenye karatasi

Usikimbilie kompyuta. Chukueni karatasi, mtoto achore mtu wake na ampe jina. Wa kwangu alimwita Kipanga na akamvika jezi. Kisha mchore siku ya mtu huyo kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku: anaamka, anakunywa chai, anakwenda shule, mapumziko, mpira, chakula cha mchana, madrasa au masomo ya ziada, chakula cha usiku.

Mwache mtoto aseme yeye. Utashangaa. Nilidhani najua siku ya mwanangu, lakini kwenye karatasi akachora kibanda cha nje ya geti la shule ambako kila mapumziko hununua mihogo ya kukaanga. Mimi kibanda hicho nilikuwa sikijui kabisa, na sukari ya saa 7 mchana ilikuwa imenitesa miezi miwili.

Hatua ya 3: Tengeneza visanduku vya namba

Ndani ya Scratch kuna sehemu ya kutengeneza visanduku vinavyohifadhi namba. Tengeneza sita, uviite hivi: Sukari, Chakula, Insulini, Saa, Stripu, Pointi. Kisha weka kanuni hizi:

Sukari ianze na 7. Stripu zianze na 4. Vingine vianze na sifuri, isipokuwa Saa inayoanza saa 12 asubuhi.

Kila sekunde 20 ziwe saa moja ya gemu. Siku nzima ya saa 15 itachukua dakika 5, na hiyo inatosha kwa raundi moja.

Kila saa ikipita, gemu ichukue hadi 3 kutoka kisanduku cha Chakula na kuziongeza kwenye Sukari. Ichukue pia hadi 2 kutoka kisanduku cha Insulini na kuzipunguza kwenye Sukari. Na kila saa 3, Sukari iongezeke 1 yenyewe, kwa sababu ini la binadamu linamwaga sukari kwenye damu hata asipokula.

Kitufe cha sindano kiongeze 6 kwenye kisanduku cha Insulini. Kitufe cha kukimbia kipunguze Sukari kwa 3 papo hapo.

Hesabu ni hizo tu. Jaribu wewe kwanza kabla ya mtoto: mpe mhusika chapati yenye 4 na sindano moja saa 12. Saa 1 atakuwa 8, saa 2 atakuwa 7, saa 3 atakuwa 6. Sasa mkimbize uwanjani hiyo saa 3 bila kumpa kitu cha kutafuna: anaanguka hadi 3. Huhitaji kuhutubia juu ya michezo na sukari, mtoto ameshaona.

Kuna jambo jingine linalojificha humo, nami nalipenda sana. Mtoto atachoma, atapima saa moja baadaye, ataona 8, atadhani sindano haijafanya kazi na atachoma tena. Mwache. Namba zitakwenda 8, 7, 6, kisha 4, na saa 5 asubuhi ziko 2. Kurundika sindano juu ya sindano ni kosa linalofanywa hata na watu wazima, na kulieleza kwa mdomo ni kazi kweli. Hapa mtoto anaisubiri insulini iliyobaki mwilini kama anayetazama maji yakipungua kwenye ndoo.

Hatua ya 4: Ficha namba ya sukari

Gemu nyingi za namna hii huweka sukari juu ya kioo, mtoto akaiona muda wote. Kwetu hapana. Kisanduku cha Sukari kifichwe. Mtoto aone mwili wa mhusika tu, na namba itokee kwa sekunde 3 pale anapobofya "Pima", ambapo stripu moja inaondoka.

Mwili wa mhusika uwe hivi: Sukari ikiwa chini ya 4, atoke jasho, atetemeke, aseme ana njaa au anune. Ikipita 14, akimbilie chooni, aombe maji, asinzie. Kati ya 4 na 14, asionyeshe chochote.

Hiyo ya mwisho msiibadilishe. Mtoto akiwa na 12 mara nyingi anajisikia mzima na anaendelea kucheza. Hapo ndipo ubishi wa "sijisikii vibaya, nipime ya nini?" unapozaliwa. Raundi ya tatu au ya nne utamwona mtoto mwenyewe anabofya "Pima" juu ya mhusika anayecheka.

Kwa nini stripu 4 tu? Kwa sababu nyumbani nako zinahesabiwa. Ni ghali, na kuna wakati hazipatikani. Mtoto anayecheza na stripu zisizoisha anajifunza maisha ya mtu mwingine. Akiwa na 4, itabidi aamue: ya kuamka, ya kabla ya mlo wa usiku, na mbili za akiba kwa pale mwili unapobadilika. Akizimaliza zote kabla ya saa 6 mchana, mhusika atapambana jioni gizani, na raundi inayofuata atazitunza.

Hatua ya 5: Weka chakula cha nyumbani kwenu

Pigeni picha za sahani zenu wenyewe na muziingize. Sisi tuliweka andazi 3, chapati 4, muhogo wa kukaanga 4, sahani ya wali 6, bakuli la maharage 2, samaki 0, mchicha 0, soda 5. Narudia, hizo ni namba za gemu. Kilicho muhimu ni uwiano: mtoto aone kuwa samaki haipandishi sukari kama wali, na kwamba sahani mbili za wali ni tofauti na moja.

Tahadhari: usigeuze chakula kuwa adui. Captain Novolin ilimpa mtoto vyakula vitamu vya kupigana navyo, na mimi sikubaliani na njia hiyo. Sukari imeshuka usiku wa manane, soda ileile ndiyo inayomwokoa. Mtoto aliyefundishwa kuwa soda ni jini ataiogopa siku anayoihitaji, au ataila kwa siri siku asiyoihitaji. Hakuna chakula kinachopigwa alama nyekundu kwenye gemu yetu. Kila kimoja kina namba yake na wakati wake.

Hatua ya 6: Sukari ikishuka

Sukari ikiwa chini ya 4 na mtoto akapima, saa ya gemu isimame na vitufe vyote vizimike isipokuwa vitatu: "Maji ya sukari", "Juisi" na "Mwambie mtu mzima". Akibofya kimojawapo cha vile viwili vya kwanza, gemu ihesabu sekunde 15, kisha Sukari ipande 2 na imtake apime tena bila kumkata stripu. Ikiwa bado chini ya 4, arudie. Ikifika 4 au zaidi, ampe mhusika kitu cha kula ndipo saa iendelee.

Zile sekunde 15 zinasimama badala ya dakika 15 za kweli. Mtoto atalalamika kuwa ni ndefu, nawe usizipunguze. Kwenye maisha, kosa la kawaida ni kunywa juisi, kusubiri dakika 3, kuona bado unatetemeka, na kumimina chupa nzima. Baada ya saa moja sukari iko 19.

Hapohapo wakati saa imesimama, mwonyeshe kitu halisi. Mkubwa mwenye sukari iliyoshuka hupewa takriban gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300. Mtoto mdogo hupewa pungufu, kwa kadiri ya uzito wake, na kiasi chake uliza kliniki ukiandike ukutani. Chukueni kijiko, mpime pamoja, akoroge yeye. Mkono unakumbuka.

Na hili liwe kwenye kioo kwa maandishi makubwa: aliyezimia au anayetikisika kwa degedege hamiminiwi kitu mdomoni. Analazwa ubavu na anakimbizwa hospitali.

Hatua ya 7: Raundi ya siku ya homa

Raundi hii nimeikawiza kwa makusudi. Mtoto aifikie baada ya kuzoea siku za kawaida, na mzazi awepo, kwa sababu nakuandikia wewe mzazi pia.

Mhusika ameamka na homa. Hataki kula, anatapika. Katika raundi hii ini limwage 2 kila saa badala ya 1 kila saa 3. Mwulize mtoto: achome insulini au asichome?

Karibu wote hujibu kuwa asichome, maana hajala. Na wazazi wengi nao hujibu hivyo, wengine wamewahi kufanya hivyo kwa nia njema kabisa. Acha mtoto ajaribu. Kisanduku cha Chakula kipo sifuri, hajaweka kitu mdomoni, lakini kufika saa 4 asubuhi sukari iko 15 na bado inapanda. Mtoto atasema gemu imeharibika. Hapo sasa ndipo umweleze: mwili ukiugua unamwaga sukari wenyewe, na bila insulini unaanza kuunguza mafuta na kutoa sumu ya ketoni. Insulini haikatishwi moja kwa moja siku ya kuugua. Dozi inaweza kubadilishwa, na anayebadilisha ni kliniki.

Weka kwenye raundi hii vitufe vinne: "Pima", "Pima ketoni", "Kunywa maji", "Piga simu kliniki". Sukari ikipita 14, kitufe cha kukimbia kizimike. Akibofya simu, gemu imwulize maswali ambayo nesi huuliza kweli: sukari ngapi, ametapika mara ngapi, anapumua vipi, pumzi inanukaje, mara ya mwisho kuchoma insulini ilikuwa saa ngapi. Mtoto anayeweza kujibu maswali hayo kwenye gemu ataweza kumjibia bibi yake siku wewe uko safarini. Anayetapika mfululizo, anayepumua kwa kina na haraka, au ambaye pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva mno, huyo hapigiwi simu ya kusubiriwa, anapelekwa hospitali.

Hatua ya 8: Lipa kupima, usilipe namba

Pointi 10 kila anapopima kabla ya kuamua jambo. Pointi 10 kila anapomwambia mtu mzima kuwa hajisikii vizuri. Pointi 10 akirekebisha sukari iliyoshuka kwa kufuata hatua zote. Pointi sifuri kwa kupata 6, na pointi sifuri kwa kupata 18.

Niruhusu nieleze nilivyojifunza hili. Mwanangu alipokuwa na miaka 10, nilimwahidi shilingi 500 kwa kila kipimo kitakachokuwa kati ya 4 na 10. Daftari likanawiri: 6.2, 5.9, 6.8, 6.1. Nililionyesha kwa shemeji zangu kwa fahari. Jioni moja nikalishika karibu na taa, nikaona wiki nzima imeandikwa kwa kalamu moja yenye wino unaovuja, doa lilelile kwenye kila namba 6, na tarakimu zote zimelala upande mmoja. Nikafungua kumbukumbu ya mashine. Vipimo viwili tu kwa siku saba. Kimoja 17.4, kingine 3.1.

Nilimlipa kwa namba, naye akaniletea namba. Hiyo 3.1 alikuwa ameikuta shuleni, akaitibu peke yake na hakumwambia mtu, kwa sababu ingeharibu daftari. Nililia usiku ule, kisha asubuhi nikafuta sheria yangu. Siku hizi kipimo cha 17 kikiandikwa, jibu la nyumbani kwetu ni "ahsante kwa kupima, sasa tufanyeje?" Gemu yako ikitoa pointi kwa namba nzuri, inamfundisha mtoto kudanganya.

Hatua ya 9: Chezeni wawili, dakika 20

Raundi nne zinatosha. Kaa naye. Raundi ya kwanza acheze yeye, ya pili ucheze wewe na yeye awe mwalimu. Ukiwa mchezaji, kosea kwa makusudi: choma mara mbili, sahau kula, kimbia sukari ikiwa juu. Mwache akukemee. Mtoto anayemfokea mama yake "we mama, unachoma tena na ile haijaisha!" ameshaelewa, huna haja ya kumtungia mtihani.

Kama kuna baba, bibi au dada wa kazi anayebaki na mtoto, naye apewe raundi yake. Nimemwona bibi mmoja asiyesoma akicheza kwa kutazama picha tu, na ndiye aliyekuja kuniuliza kwa nini mhusika alitoka jasho usiku.

Hatua ya 10: Toka kwenye gemu, ingia kwenye daftari

Zima kioo, kisha uliza maswali matatu, si zaidi: Leo mhusika alipata shida wapi? Wewe imewahi kukutokea? Kesho tubadilishe jambo gani moja? Andikeni jibu la swali la tatu kwenye daftari la kweli. Jambo moja, kwa mfano "kubeba pakiti ya glukosi kwenye mfuko wa kaptura ya michezo." Wiki ikiisha mtazame kama limefanyika.

Daftari hilo nenda nalo kliniki. Madaktari wana dakika chache kwa kila mtoto, na sentensi moja kama "kila siku ya mpira anashuka saa 11 jioni" inawasaidia kupanga dozi kuliko kurasa za namba tupu.

Mambo yakikwama

*Mtoto anamwua mhusika kwa makusudi na anacheka.* Wote hupitia hapo. Anajaribu kitu anachokiogopa mahali ambapo hakuna anayeumia. Usimkataze, ila mhusika asife kwenye gemu yako. Azimie, apelekwe hospitali, aamkie wodini siku ya pili na pointi zake zikiwa pungufu. Mtoto akirudia hivyo kwa siku nyingi na amekuwa mnyonge hata nje ya gemu, zungumza naye taratibu, na umweleze nesi wa kliniki.

*Hataki kabisa kucheza gemu ya kisukari.* Mwache. Tumia gemu anayoipenda. Kama anacheza mpira wa kwenye simu, mwulize mchezaji wake akishukiwa sukari dakika ya 60 kocha afanye nini. Wengine huingia kwa mlango huo baada ya wiki mbili tatu.

*Gemu inasema hivi, daktari anasema vile.* Daktari ndiye anayefuatwa. Rudi kwenye vibloku, badilisha namba mtoto akiona, na umwambie kwa nini. Insulini ziko za aina nyingi: ipo inayochomwa nusu saa kabla ya kula, ipo ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Gemu ifanane na ratiba ya mtoto wako.

*Sukari ya mhusika inashuka hadi namba hasi.* Umesahau kibloku cha kuzuia. Weka kanuni: ikifika chini ya 1, mhusika azimie na raundi iishe.

*Umeme umekatika au kompyuta imekufa.* Rudini kwenye karatasi ya hatua ya 2. Mbegu za bao zinafaa kabisa: nyekundu ni sukari, nyeupe ni insulini, mashimo ni saa. Kila saa ondoa nyeupe mbili pamoja na nyekundu mbili. Sisi tumecheza hivyo barazani kwa mshumaa, na mtoto wa jirani asiye na kisukari akatushinda sote.

*Kijana wa miaka 14 au 15 anasema ni mambo ya kitoto.* Yuko sahihi, kwake ni ya kitoto. Mkabidhi Scratch yenyewe atengeneze raundi ya safari ya basi kwa ajili ya wadogo zake wa kliniki: basi limechelewa, chakula kiko mbali, insulini isiachwe kwenye dashibodi juani. Atalazimika kuyafikiria yote hayo kabla ya kuwafundisha wengine.

*Watoto ni kumi na kompyuta ni moja.* Wape kazi. Mmoja ashike kipanya, mmoja atunze stripu, mmoja aamue chakula, mmoja atazame saa, mmoja awe nesi wa kupokea simu, wengine wawe mwili wa mhusika: sukari ikishuka watetemeke, ikipanda waombe maji. Kila saa ya gemu wazungukane nafasi. Kelele zitakuwa nyingi, kwa hiyo muombe nesi nafasi ya nje, chini ya mti, na wote wawe wamepima kabla hamjaanza.